Mgagaa na Upwa wa Rumonge

Mgagaa na upwa hali wali mkavu. Ndivyo walivyonena wahenga wa pwani, na maana yake haihitaji mfasiri: atembeaye ufukoni hakosi kuokota kitoweo, awe kaa, awe chaza, awe samaki aliyeponyoka wavuni. Kiswahili kilipofuata njia za misafara kutoka baharini hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kikazunguka Ziwa Tanganyika, kilibeba methali zake. Hata leo mjini Rumonge, katika nchi ya Burundi, upo mtaa uitwao Swahili, na lugha hii husikika sokoni na mwaloni. Lakini mgeni akibisha hodi katika baadhi ya nyumba za mji huo saa ya chakula cha jioni, atakuta jambo linaloikanusha methali. Atakuta watu waishio hatua chache tu kutoka majini, na ugali wao ni mkavu.

Jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini na kila mwenye familia, hasa zile familia ambazo kazi ya baba au mama huzihamisha kutoka mkoa hadi mkoa, zikafika mahali pageni na kulazimika kujifunza upya namna ya kujaza chungu.

Rumonge uko kando ya ziwa, yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, katika bonde la Imbo lenye joto. Mbele yake ni ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, ambalo kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal. Humo wamo dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala. Yumo mukeke, ambaye msomaji aliye Kigoma atamtambua kwa jina la mgebuka. Na yumo sangala mnene. Nyuma ya mji imesimama michikichi, shamba baada ya shamba, na kutokana na matunda yake hukamuliwa mawese yanayouzwa Burundi nzima. Juu zaidi, vilimani, hulimwa muhogo, maharage na ndizi.

Mwalimu wa lishe akitaka kueleza makundi matatu ya vyakula, mjini Rumonge hana haja ya kuchora picha ubaoni. Vyakula vya kujenga mwili viko ziwani na katika mashamba ya maharage. Vyakula vya kutia nguvu ni muhogo, ndizi na mafuta. Vyakula vya kulinda mwili ni lengalenga, sombe, maembe, na mawese yenyewe, maana wekundu ule wa mawese mabichi ni dalili ya kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho na kumpa mtoto nguvu ya kupigana na maradhi. Yote yapo. Hakuna kinachohitaji kuletwa kwa meli.

Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya uliofanywa Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si lazima aonekane mgonjwa. Hucheza, hucheka, huimba na wenzake. Ila ukimsimamisha kando ya mtoto wa umri wake aliyelishwa vizuri, humpungukia kimo, na akiingia shule mara nyingi humpungukia pia wepesi wa kushika masomo. Udumavu huanza tumboni mwa mama na hujengeka katika miaka 2 ya kwanza. Baada ya hapo, kilichopotea ni vigumu mno kukirudisha.

Inakuwaje basi njaa ya namna hii ikae kando ya ziwa lenye samaki? Jibu halipatikani kwa kuhesabu samaki. Lapatikana kwa kutazama nyumba.

Mke mmoja wa askari polisi wa cheo cha chini, aliyezaliwa katika baridi ya Mugamba kati ya mashamba ya chai na viazi, alihamia Rumonge na mumewe na watoto wao watatu. Kwao ndagala waliwafikia wakiwa wakavu, siku ya soko, nao walihesabiwa kuwa kitoweo cha heshima. Habari ya uhamisho ilipofika, jamaa zake walimpongeza kana kwamba ameitwa karamuni. Walipanga vyumba viwili katika mtaa wa Kanyenkoko, na asubuhi ya pili akachukua beseni akaenda mwaloni kununua samaki wabichi kwa bei aliyodhani ni ya mahali wanapovuliwa.

Aliona mitumbwi ikirudi. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za umeme wa betri. Mwezi mpevu ukiwaka, samaki hutawanyika, na wavuvi hupumzika. Asubuhi ile ilikuwa ya giza jema na mitumbwi ilikuja mizito. Lakini kabla mama yule hajaufikia wa kwanza, makarai yalikuwa yamekwisha kupandishwa, mengine kuelekea kwenye magari ya Bujumbura, mengine kwenye vichanja vya kukaushia. Akamgeukia mchuuzi mmoja, mjane ambaye baadaye alikuja kujua kwamba ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

“Dada, mbona samaki wamekwisha na jua halijachomoza?”

“Hawakwisha, mwenzangu. Walikuwa na wenyewe tangu jana jioni.”

Katika jibu hilo fupi mna elimu kubwa ya uchumi. Mtumbwi hauendi ziwani bure. Unahitaji petroli ya mashine, betri za taa, nyavu za kushonwa na chakula cha mabaharia. Asiye na fedha za kuyapata hayo huzikopa jioni kwa mfanyabiashara, na deni hilo hulipwa alfajiri kwa samaki wenyewe. Kwa hiyo samaki huwa wamenunuliwa wangali wanaogelea. Mwenye mtumbwi hutoa gharama zake, kisha huchukua fungu lake. Mabaharia hugawana linalobaki, na kila mmoja huenda nyumbani na kitoweo cha siku. Hao bado methali inawahusu. Mukeke wakubwa huwekwa barafuni, wakaenda kwenye mahoteli na nyumba za wenye uwezo mjini Bujumbura. Ndagala walio bora hukaushwa na kusafirishwa bara. Wanaobaki ndio waingiao katika masoko ya mitaa, wakiwa wamepita mikono mitatu au minne, na kila mkono umeongeza bei.

Hapo ndipo linapokuja jambo la pili, ambalo akina mama wengi hulijua bila kufundishwa. Mwenye fedha za karai zima hununua kwa bei nafuu. Asiyenazo hununua fungu dogo lililopangwa juu ya kipande cha gunia, na yakihesabiwa mafungu yote yanayotoka katika karai moja, huonekana kwamba maskini amelipa zaidi kwa kila samaki kuliko tajiri. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta yanayopimwa kwa kikombe badala ya debe, kwa mkaa unaouzwa kwa kopo badala ya gunia, na kwa sukari inayofungwa katika vipande vya karatasi. Umaskini ni ghali. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hajui kwamba mwenye njaa ndiye aliyetozwa bei kubwa kuliko yeye.

Mke wa askari alijifunza upesi kununua mafungu. Mshahara wa mumewe, kama mishahara mingi ya askari wa vyeo vya chini popote katika Afrika ya Mashariki, ulikuwa na tarehe ya kuingia lakini haukuwa na nguvu ya kufika mwisho wa mwezi. Wiki ya kwanza chungu kilinukia samaki. Wiki ya pili kilinukia maharage. Wiki ya tatu ulikuwa ugali wa muhogo na sombe yenye chumvi, na wiki ya nne daftari la duka ndilo lililosema watakula nini. Baba, aliyekuwa na doria za usiku, alipewa sahani ya kwanza na kipande cha kwanza, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi. Watoto wakubwa walifuata. Mdogo, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, alilishwa ugali uliochovywa katika mchuzi. Hakuna aliyemnyima. Alikuwa tu wa mwisho katika mstari.

Siku moja mhudumu wa afya wa jumuiya alipita nyumba kwa nyumba na ile kanda ya kupimia mkono wa mtoto. Kanda hiyo ni kitu kidogo sana, lakini husema kweli bila kuogopa cheo. Rangi ya kijani ni salama. Rangi ya manjano, kati ya milimita 115 na 125, ni onyo. Rangi nyekundu, chini ya milimita 115, maana yake ni kwamba mtoto yu hatarini na apelekwe kutibiwa bila kuchelewa. Mhudumu alipima nyumba tatu zilizokaribiana. Mtoto wa askari, ambaye babake alikuwa na mshahara wa serikali, alisoma manjano. Mjukuu wa mjane mchuuzi, asiye na mshahara wowote, alisoma kijani. Mtoto wa nyumba ya tatu alisoma nyekundu.

Nyumba tatu, mtaa mmoja, ziwa moja, rangi tatu. Anayetaka kuelewa lishe ya mijini hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Nyumba ya mjane haikuwa na siri kubwa. Kila siku, kabla ya kuuza fungu la kwanza, alitenga kiganja kimoja cha ndagala. Aliwakausha vizuri, akawatwanga pamoja na mifupa na vichwa vyao, na unga huo akautia katika uji wa mjukuu wake. Samaki mdogo aliwaye mzima humpa mtoto nyama na chokaa ya mifupa kwa pamoja, jambo ambalo kipande kizuri cha mukeke hakiwezi. Juu ya uji alitia kijiko cha mawese ambayo hayakuchomwa. Wapishi wengine huyachemsha mawese mpaka wekundu upotee ili kuondoa harufu. Hawajui kwamba pamoja na wekundu wameichoma pia ile faida ya macho. Lengalenga alizipanda katika magunia ya udongo mlangoni. Tena mtoto alikuwa na sahani yake mwenyewe, hakunyang'anyana na wakubwa katika sinia moja.

Burundi una utaratibu unaotumia hekima za namna hii. Katika mtaa au kilima hutafutwa mama ambaye ni maskini kama wenzake lakini mtoto wake ana siha njema, naye huitwa kwa Kifaransa jina lenye maana ya mama mwangaza. Nyumbani kwake hukusanyika akina mama ambao watoto wao wamepungukiwa, na kwa muda wa siku 12 hivi hupika pamoja na kuwalisha watoto, kila mmoja akileta sehemu ya chakula kinachopatikana papo hapo. Watoto hupimwa mwanzoni na hupimwa tena mwishoni. Darasa hilo halina ubao wala vitabu, na mwalimu wake si mgeni aliyekuja na gari. Kwa mjane wa Kanyenkoko, heshima ya kuitwa mwalimu ilikuwa kubwa kuliko faida ya karai.

Mke wa askari alihudhuria siku zote. Mwanzoni aliona haya, kwa kuwa mke wa mtumishi wa serikali kufundishwa kulisha mtoto na mchuuzi wa mafungu si jambo jepesi. Lakini mwanawe alipoanza kuomba uji mwenyewe, haya ikamtoka. Usiku mmoja alizungumza na mumewe.

“Baba, si kwamba hatuna chakula. Mtoto humfikia kikiwa kimekwisha.”

Askari yule alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza kiasi gani kingehitajika kila wiki kwa ajili ya kitoweo cha watoto, peke yake, kabla ya deni la duka na kabla ya bia za wenzake. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Tangu mwezi huo kilitolewa siku ya mshahara, kikawekwa katika kopo ambalo hata yeye hakuruhusiwa kulifungua. Miezi miwili baadaye mkono wa mtoto ulisoma kijani.

Kama habari ingeishia hapo, somo lake lingekuwa rahisi: akina mama wafundishwe, akina baba wazinduke, na mambo yatakuwa sawa. Magazeti mengi yamekwisha kuandika hivyo. Lakini ipo nyumba ya tatu.

Mama wa nyumba ile naye alihudhuria darasa, baada ya mwanawe kutibiwa kituoni kwa ule mchanganyiko wa karanga na maziwa unaotolewa kwa watoto waliokonda mno. Matibabu hayakumgharimu, kwa maana tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi iliamua kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo. Mtoto akapona. Mama akayashika mafundisho yote; aliweza kuyakariri kuliko mke wa askari. Kisha mtoto akarudi kwenye chungu kile kile, na baada ya miezi michache kanda ikasoma nyekundu kwa mara ya pili. Hakukosa maarifa. Siku alizotakiwa kuleta kiganja cha ndagala darasani, mjane ndiye aliyemletea kwa siri, akamwambia asiseme.

Mumewe alikuwa kibarua, akibeba mikungu ya chikichi kuipeleka kwenye mashine za kukamua. Alilipwa kwa siku, na siku isiyo na kazi haikuwa na chakula. Michikichi aliyoibeba ilisimama katika bonde ambamo babu yake aliwahi kulima. Mwaka 1972, mwezi wa Aprili, uasi ulizuka katika eneo la Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa, na baada yake yakafuata mauaji makubwa zaidi yaliyoenea nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Nyuma yao mashamba ya Imbo yalichukuliwa na wengine, mengine kwa kugawiwa rasmi. Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurudi na kudai mali zao, na mwaka 2006 iliundwa tume ya ardhi ya kuamua mashauri hayo. Lakini shamba moja haliwezi kurudishiwa aliyeondoka bila kumgusa aliyekaa humo miaka 30 na kuzaa humo. Mashauri mengine yalimalizwa kwa kugawana, mengine yakaacha uchungu pande zote mbili, na wapo waliorudi wasipate hata pa kupanda mchicha.

Basi kijana aliyezaliwa ukimbizini, anayezungumza Kiswahili kuliko majirani zake, hubeba mafuta mgongoni siku nzima na huenda nyumbani bila mafuta. Na hata mkulima mdogo mwenye michikichi yake hayuko salama. Wakati wa mavuno mengi bei hushuka; yeye ana karo na deni, huuza. Mwenye mapipa na ghala hununua, hungoja, na mafuta yakiadimika huyauza kwa bei nyingine. Wakati huo yule mkulima hurudi sokoni kununua kwa kikombe kile alichokiuza kwa debe.

Amartya Sen, mtaalamu wa uchumi kutoka India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Aliichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943, akaonyesha kwamba watu wanaweza kufa kwa njaa hali chakula kipo nchini, kwa sababu wamepoteza njia ya kukipata: ardhi, ujira, au bei wanayoimudu. Aliandika juu ya Bengal, lakini maneno yake yangeeleweka vizuri sana mwaloni Rumonge.

Ziwa nalo halikubaki vile vile. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha uchunguzi wa matope ya chini ya ziwa. Walionyesha kwamba maji ya juu yamekuwa yakipata joto; maji ya joto huelea juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo, na hivyo mbolea ya asili iliyoko kilindini haipandi kuwalisha viumbe vidogo wanaoliwa na samaki. Pamoja na hayo wavuvi wameongezeka. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Nia ya hatua kama hiyo ni njema na ya lazima. Lakini samaki wakiadimika, au ziwa likifungwa, mwenye hoteli hupandisha bei, na asiye na kitu huacha kula. Aidha, mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za mwambao wa Burundi, Rumonge ikiwemo. Waliojenga karibu zaidi na maji ndio wale wale waliokosa pa kujenga pengine.

Hapa wako pia walinzi wa sheria, na kwao mambo huwa magumu kwa namna yake. Nyavu zenye matundu madogo mno na vyandarua vya mbu vimekatazwa, kwa sababu hukamata samaki wachanga kabla hawajazaa. Askari anayezikamata hufanya kazi ya haki. Analinda kitoweo cha watoto watakaozaliwa. Lakini samaki wachanga hao ndio wa bei nafuu kuliko wote, na jioni huishia katika mafungu ya mitaa ya maskini. Huenda askari aliyechoma wavu asubuhi akala usiku mchuzi wa samaki waliotoka katika wavu wa jirani yake. Sheria ikisimama peke yake, pasipo njia nyingine ya kumpatia mnyonge samaki halali, huonekana kwake kama mkono mwingine ulioinyoshea sahani yake.

Ni nini basi kiwezacho kufanywa? Mambo mengine yako juu ya uwezo wa nyumba moja: ardhi, bei, joto la maji. Hayo ni ya serikali na ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ambazo zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003. Lakini yapo yaliyo kati ya nyumba na serikali, na ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, liliwahi kufundisha wakaushaji wa Mvugo, karibu na Nyanza-Lac, kuanika ndagala juu ya vichanja vya waya badala ya mchangani, ambako samaki huoza kwa mvua, huchanganyika na mchanga na kudonolewa na ndege. Samaki asiyeoza ni samaki aliyeongezeka, bila kuongeza wavu hata mmoja. Maji safi nayo ni lishe: mwambao huu umepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, na mtoto anayeharisha hupoteza hata kile kidogo alichokula.

Na lipo lile walilolifanya akina mama wa Kanyenkoko wenyewe. Darasa lilipokwisha, kumi kati yao hawakutawanyika. Kila mmoja aliweka fedha kidogo kila wiki, mke wa askari akiwa mtunza daftari, na jumla ilipotosha, mjane alikwenda jioni kwa mwenye mtumbwi mmoja na kutoa sehemu ya fedha ya petroli. Alfajiri karai moja halikupandishwa garini. Liligawanywa mafungu kumi palepale, kwa bei ya wenye magari. Mama wa nyumba ya tatu, ambaye hakuwa na fedha za kuweka, aliruhusiwa kulipa kwa kazi: yeye ndiye aliyekausha na kutwanga kwa ajili ya wote, naye alichukua fungu lake akiwa na haki nalo.

Chama hicho hakikuubadilisha mji. Wiki za mwezi mpevu hakuna samaki kwa mtu yeyote, na mara mbili mwenye mtumbwi aliwageuka akamwuzia aliyeongeza bei. Mtoto wa nyumba ya tatu bado ni mfupi kwa umri wake, na huenda akabaki hivyo. Ila kanda haijasoma nyekundu tena.

Akina baba na akina mama wa makambini na mitaani watayaona katika habari hii mambo yanayowahusu, hata kama hawatafika Rumonge. Mtoto awe na sahani yake, na kitoweo chake kitengwe kabla ya cha wakubwa. Maziwa ya mama yawe chakula chake pekee katika miezi 6 ya kwanza. Ndagala au dagaa wasidharauliwe kwa udogo wao, na mawese yasichomwe. Sombe itwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu yake iishe. Siku ya mshahara, fedha ya watoto itoke kwanza. Lakini mwenye kuyatimiza hayo yote asijivune, akadhani jirani ambaye mtoto wake amekonda ni mzembe. Na amtazame vizuri, aone kama jirani huyo amekosa maarifa au amekosa samaki, maana dawa za mambo hayo mawili si moja.

Wahenga hawakukosea. Walisema juu ya upwa usio na mwenyewe, ambao kila mtu angeweza kuuzunguka na kuokota. Upwa wa Rumonge una wenyewe tangu jana jioni. Kwa hiyo mgagaa wa leo haendi peke yake na kikapu mkononi. Huenda na wenzake tisa, na daftari, na huenda kabla giza halijaingia.